Wati Sita, Wati Kumi na Tano

Mzee Onsongo ndiye mteja pekee aliyewahi kuingia katika duka la Fancy na mita yake mwenyewe ya kupimia umeme. Wengine huingia na maswali tu. Huuliza kama laptopu ina kamera, huuliza kama inacheza nyimbo, huuliza bei, kisha hutoka haraka wakijifanya wamepigiwa simu. Yeye aliitua mita juu ya kaunta, akavaa miwani, akafungua daftari, na kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe akasema, "Niwashie zote mbili."

Fancy alizunguka kaunta akaja kusimama mbele yake, palipo na mwanga, akaufungua mdomo vizuri kabla ya kusema. Hakuna aliyemfundisha. Hapa Mogogosiek karibu kila ukoo una mtu aliyestaafu kutoka chumba cha mashine kule kiwanda cha majani chai na kuyaacha masikio yake humo ndani.

"Hii ya kwanza, mzee, prosesa yake ni ya wati sita," alisema. "Iko pole pole, lakini haikuli stima. Haina hata feni. Hii ingine ni ya wati kumi na tano. Hiyo iko mbio sana, lakini ukiipatia kazi feni inalia na inakula stima kama ng'ombe ya gredi."

"Na betri zake?"

"Zimekufa zote mbili. Ndio maana naziuza rahisi. Ni za mtumba kutoka ng'ambo, zinatumia waya tu."

Onsongo akaunganisha mita, akazitazama namba zikipanda na kushuka, akaandika. Alipofungua vidio kwenye ile ya kwanza mita ilisoma wati kumi na moja, maana kioo na vikorokoro vingine navyo vina tumbo. Ile ya pili ilisoma thelathini na nne. Akakuna kidevu. Wateja wawili waliokuja kununua chaja walisimama nyuma yake kwa adabu, wakasubiri, adabu ikawaishia, wakaenda zao.

"Mzee, enda nazo zote," Fancy alisema mwishowe. "Wiki mbili. Ujaribu nyumbani, halafu urudishe ile haujapenda."

Hakumwandikisha popote. Onsongo ndiye aliyeweka nyaya katika nyumba ya mama yake Fancy, akakataa kuchukua chochote isipokuwa chai na maziwa ya mursik. Basi alizifunga laptopu mbili ndani ya gunia safi la majani chai, akazibeba mgongoni kama mtu anayepeleka majani kituoni, akapanda mlima.

Wakati wa kumjua vizuri ndio huu. Onsongo ni Mkisii aliyekuja Konoin akiwa kijana kutafuta kazi, akawa fundi wa umeme kiwandani kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha mashine za kusaga majani, ambako kelele ni nyingi mpaka mtu akikuita sikioni unahisi pumzi tu. Mle ndani watu hawakupiga kelele. Walizungumza kwa midomo bila sauti. Ungeweza kusimama huku ukaulizwa kutoka kule, hatua ishirini, kama mtoto wako amepona, nawe ukajibu, na msimamizi aliyesimama katikati asijue kuna mazungumzo. Mizaha ilipita hivyo, na masengenyo pia. Onsongo alimtongoza mkewe hivyo hivyo. Chepyegon alikuwa Mkipsigis, akichambua majani upande wa pili wa chumba, hajui Kikisii hata salamu. Kiswahili ndicho kilichowaoza, tena Kiswahili cha midomo mitupu, na ndicho kilichobaki kuwa lugha ya nyumba yao.

Mashine zikamla masikio taratibu. Mwaka wa kustaafu alikuwa akisikia radi, mlango ukibamizwa, na mtu aliyemsogelea karibu. Sasa hata radi huiona kwa macho.

Binti yao wa pekee, Janefer, hajui. Alikwenda Kanada miaka sita iliyopita, wakati baba yake bado alikuwa akisikia ukimsogelea. Huko anawatunza wazee wa watu, na ameolewa na Ogola, Mjaluo wa Kisumu aliyekutana naye huko huko. Alipokuwa akipiga simu nyumbani, Chepyegon ndiye aliyeishika. Aliiweka sikioni, akamgeukia mumewe, na kila alichosema Janefer alikirudia kwa midomo, bila sauti, neno kwa neno, kama kule kiwandani. Onsongo akajibu kwa sauti. Kule Kanada mtoto aliamini baba yake amekaa karibu na simu na masikio yake yote.

Chepyegon alifariki mwaka jana mwezi wa tatu. Janefer hakuweza kuja kumzika kwa sababu karatasi zake zilikuwa zimekwama. Tangu siku hiyo simu ikawa kipande cha plastiki kinachotetemeka mezani. Onsongo alikuwa akiipokea, akisema, "Mtandao wa huku ni mbaya, niandikie," na kukata. Kila mara alipokata alijiona mwongo, na kila mara akajikaza kisabuni na kwenda kumwangalia ng'ombe.

Mbona asiseme tu? Jirani yake Kipchoge alimwuliza hilo, tena zaidi ya mara moja. Onsongo alikuwa na jibu, ila hakulitoa. Janefer hushinda siku nzima akiwapigia kelele vikongwe vya watu masikioni. Hakutaka kuwa mmoja wao. Na chini kabisa ya jibu hilo kulikuwa na woga: kwamba mtoto akijua baba hasikii ataacha kupiga, aandike tu, na maandishi hayana uso. Mwaka mzima hakuna mtu aliyeketi mezani kwake jioni. Alikuwa mpweke mpaka akajikuta akiyasalimia majani chai wakati wa kuyachuma, na hilo hakuliona jambo la kucheka.

Simu yake ya kupangusa ilionyesha watu, lakini macho ya mtu aliyekula chumvi miaka sitini na minane hayasomi mdomo ulio mdogo kama punje ya mahindi. Ndipo likamjia wazo la laptopu. Kioo kikubwa, uso mkubwa, mdomo mkubwa. Alichotaka kilikuwa kimoja tu. Janefer alikuwa ameahidi kuja Desemba. Kila alipoandikiwa swali hilo alijibu, "Tutaona, tata," yaani baba kwa Kikisii. Onsongo alitaka amwulize uso kwa uso, na alisome jibu mdomoni mwake mwenyewe.

Shida ilikuwa umeme. Transfoma ya kijiji iliungua mwezi wa tatu. Barua ziliandikwa, watu wakaja wakaipiga picha, wakaondoka na picha. Alichobakiwa nacho ni paneli moja ya sola juu ya bati na betri moja ndogo kando ya kabati. Betri ya pili ingehitaji jua la pili, na mwezi wa tano huku Konoin hata lile moja huja kwa kubembelezwa. Asubuhi ukungu, mchana ukungu unafikiria kuondoka, alasiri mvua.

Kwa hiyo alipima. Wiki nzima aliyapima mambo yale kwa umakini ule ule aliokuwa nao kiwandani. Ile ya kwanza aliiita Sita, ile ya pili Kumi na Tano. Betri ikijaa, mita ya volti ilisoma kumi na mbili nukta sita. Ikifika kumi na moja na nusu, kila kitu kilizima. Kati ya hapo na pale, Kumi na Tano iliishi dakika hamsini na tatu. Sita iliishi saa mbili na dakika arobaini.

Halafu akapima picha. Alipata vidio ya mwanamke akisoma matangazo ya kanisa, yenye maandishi chini. Akabandika kipande cha gazeti juu ya maandishi, akamsoma mwanamke yule midomo kwa dakika moja, akaandika alichoshika, kisha akafunua gazeti na kujisahihisha kama mwalimu asiye na huruma. Kwenye Kumi na Tano, katika kila maneno kumi alishika tisa. Kwenye Sita alishika matatu, mara nyingine mawili. Prosesa ilikuwa ikihema. Mdomo ulifunguka, ukakwama, kisha ukawa umefungwa bila kupita katikati, na neno lote lilikuwa limepita katikati huko. Alidhani ni mtandao. Akajaribu kwa intaneti ya simu ile ile, bando lile lile, mahali pale pale, na Kumi na Tano ikateleza bila kigugumizi. Akapunguza mwanga wa kioo, akafunga kila programu, akaipepea Sita kwa daftari. Ilibaki vile vile.

Akachora mstari chini ya hesabu zake na kuandika uamuzi: *Kumi na Tano. Dakika hamsini na tatu zinatosha swali moja.*

Jumapili ilipofika aliyaruka mahubiri ya mwisho, akaja nyumbani, akanyoa ndevu. Akavaa koti. Akaweka chai mezani, kikombe kimoja, akakiangalia, akaongeza cha pili na kukiacha kitupu mbele ya laptopu. Saa kumi kamili, wakati kule Kanada ni saa moja asubuhi, uso wa Janefer ukajaa kioo.

Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa na nywele fupi kama za mama yake. Kwa muda Onsongo hakusoma neno lolote, alitazama tu, na machozi yakamjia akayasukuma nyuma kwa kukohoa.

"Tata, unaniona?"

Aliyaona maneno hayo waziwazi, yote mawili, yakiwa yamenyooka. Alitaka kupiga makofi.

"Nakuona, mwanangu! Nakuona sana!"

Wakazungumza. Nani asingefurahi? Alimsoma mtoto wake bila kikwazo: kazi za usiku, gari lililogoma kwa baridi, mzee wa Kizungu anayemwita kwa jina la dada yake. Janefer alicheka, naye Onsongo akakiona kicheko chote, kuanzia mwanzo mpaka meno ya mwisho. Alimwambia habari za ng'ombe aliyezaa. Akaigeuza laptopu kuelekea mlango uliokuwa wazi ili Janefer aone chumba alichowaandalia, ambacho kilikuwa kimepakwa rangi ya samawati wiki hiyo hiyo.

"Umekipaka wewe mwenyewe?"

"Nani mwingine? Kipchoge alishika ngazi tu, tena vibaya."

Mita ilisoma kumi na moja nukta nane. Dakika arobaini na moja zilikuwa zimepita. Onsongo akapiga moyo konde.

"Sasa, Janefer. Desemba. Mnakuja?"

Janefer akatabasamu, lakini tabasamu lilichelewa. "Subiri kidogo, tata, mtandao wa huku unasumbua," alisema. Mkono wake ukaja mbele, ukabofya. Kwenye kona ya kioo ikatokea ile alama ya kipaza sauti iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Alikuwa ameizima sauti. Kisha akageuza uso upande, si sana, akamwambia mtu aliyeketi pembeni.

Mtu mwingine yeyote duniani angesubiri. Angeona binti akipepesa midomo katika ukimya, akanywa chai yake. Lakini Onsongo alikuwa ametoka chumba cha mashine, ambako sauti haikuwa na kazi yoyote.

"Ameuliza tena," midomo ya Janefer ilisema. "Ogola, nitamwambia nini?"

Akasikiliza jibu ambalo Onsongo hakuliona.

"Nimwambie tumeamua kukaa huku? Si Desemba hii, si ingine? Amepaka chumba rangi, Ogola. Amenionyesha sasa hivi."

Akafuta jicho kwa kidole cha kati, vile Chepyegon alivyokuwa akifuta.

"Nitamwambia. Lakini si haraka haraka. Wewe unanijua, kitu kama hii siwezi kuitoa kwa dakika tano. Wacha nianze mbali."

Alama nyekundu ikatoweka. Uso ukarudi mbele.

"Samahani, tata. Ni mtandao tu."

Uongo ule ule. Aliurithi wapi kama si kwake?

"Hakuna shida," Onsongo alisema. Aliona aibu kama mtu aliyekutwa akichungulia dirishani, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichomkata maini. Hakukigusa. Alimtazama.

Janefer akaanza mbali kweli. Aliuliza habari za ng'ombe tena. Akauliza kama mvua imeharibu njia. Akaishika ncha ya sikio lake la kushoto, akaivuta. Onsongo aliijua ishara hiyo. Mtoto huyu akiwa na miaka minane alivunja chupa ya chai ya mama yake, na kutoka chakula cha mchana mpaka jua linatua alizunguka mbuyu, akaeleza habari za shule, za mbuzi, za binamu zake, huku akivuta sikio hilo hilo, mpaka hatimaye akapasua mbarika na kulala papo hapo kwa uchovu. Hawakumharakisha. Ukimharakisha alikuwa akifunga mdomo siku tatu.

"Tata," alisema sasa. "Kuna kitu nimetaka..."

Feni ya laptopu ikasita, na kioo kikawa cheusi. Onsongo akauona uso wake mwenyewe humo, mzee aliyevaa koti nyumbani. Dakika hamsini na tatu kamili. Vipimo vyake havikuwa na kosa.

Alikaa pale mpaka chai ikaota ngozi. Moyo ulimuuma, hakuna namna nyingine ya kulisema. Alikuwa amelipata jibu alilolitafuta, tena akalisoma bila kukosa hata neno moja, na sasa hakujua alitaka kulifanyia nini. Chumba kile kilikuwa kinanuka rangi. Akaenda akafunga mlango wake.

Simu ikatetemeka. *Tata umepotea. Tutaongea Jumapili ingine. Kuna kitu nataka kukuambia. Si kibaya. Kinahitaji tu muda.*

Alilisoma lile neno la mwisho mara nyingi. Angeweza kumwandikia, *Najua, kaeni.* Maneno mawili na mambo yaishe. Lakini angeulizwa amejuaje, na hapo uongo wa miaka hiyo yote ungeanguka wote mara moja, na mtoto angelia kwa ajili ya masikio ya baba yake juu ya kilio alichokuwa nacho tayari. Zaidi ya hayo, hakutaka kumpokonya. Mtu aliyebeba kitu kizito toka mbali lazima apewe nafasi akitue mwenyewe. Na Janefer kwa dakika hamsini na tatu hatafika. Atafika kwenye mbuzi, au kwenye binamu.

Usiku wa kuamkia Jumatatu alilichukua daftari na kuzirudia namba, ingawa alizijua kwa moyo. Kumi na Tano ingempa mdomo wa mtoto wake, na kumnyima muda. Sita ingempa muda, na kumnyima mdomo. Akautafuta mstari wa katikati, kama fundi anavyotafuta. Alichokipata ni ukungu dirishani tu.

Jumamosi alishuka sokoni na gunia mgongoni. Fancy alitoa Kumi na Tano, akaitazama kama ina ufa.

"Mzee, umerudisha ile nzuri?"

"Ndiyo."

"Lakini hii ya wati sita picha inaruka! Hautaona mdomo. Si ni wewe uliniambia ni mdomo unataka?"

"Nilitaka mdomo," Onsongo alisema. "Nimeshauona. Sasa nataka kukaa."

Fancy hakuelewa, na hakuficha. Alisimama kwenye mwanga akafungua kinywa kuuliza tena, akamwona mzee amekwisha kugeuka, na mtu aliyekupa kisogo huyo huwezi kumwuliza kitu.

Jumapili ya pili paneli ilipata jua kwa muda wa saa tatu, zawadi kubwa kwa mwezi wa tano. Volti kumi na mbili nukta sita. Onsongo alinyoa, akavaa koti, akaweka vikombe viwili. Saa kumi uso wa Janefer ukaja vipande vipande: kwanza paji, kisha kidevu, kisha yeye mzima akiwa amekwama na jicho moja limefumbwa. Laptopu yenyewe ilikuwa imetulia mezani, bila feni, bila joto, kama haina habari na mtu.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko yoyote aliyowahi kufanya kiwandani. Alishika neno hapa, neno pale. *Theluji.* *Gari.* Kisha midomo ikaruka, na zikapita sekunde kumi asizozijua. Alisema "Ee." Alisema "Kweli?" Alitikisa kichwa kama mgeni wa heshima katika harambee ya watu asiowajua. Mara moja alicheka kwa sababu Janefer alikuwa amecheka, na kumbe kicheko kilikuwa kimekwama kiooni kutoka mwanzo na mtoto alikwisha kupita huko zamani. Alipata *mama*, mara mbili, na hapo aliinamisha kichwa, na inaonekana alipatia, maana Janefer naye aliinamisha chake.

Saa ya kwanza ikaisha. Volti kumi na mbili nukta mbili. Kwa laptopu ile nyingine wangekuwa wameshazimikiana. Janefer alikuwa bado anazunguka. Mvua ikaanza, Onsongo akaiona kwenye kidimbwi mlangoni. Alichoka macho mpaka yakamchoma, lakini hakuyatoa kwenye sikio la kushoto la mtoto wake. Mdomo ulikuwa umempotea, sikio lilikuwa halijapotea. Sikio halihitaji prosesa ya mbio.

Ilipita saa mbili na dakika tisa ndipo mkono ukapanda. Picha iliruka: mkono begani, mkono shavuni, mkono umeshika ncha ya sikio na kuivuta.

Onsongo akakaa wima.

Midomo ya Janefer ilifunguka, ikakwama, ikafungwa, ikafunguka tena. Alisema kwa muda mrefu. Onsongo hakushika hata neno moja. Alitafuta *Desemba*, alitafuta *kukaa*, alitafuta chochote, na kioo kikampa macho makubwa yasiyopepesa. Alijua kinachosemwa, ama alidhani anajua. Labda anamwambia kitu kingine kabisa. Labda amebadilisha nia wiki hii, labda wanakuja, na yeye hapa anajiandaa kuwafukuza. Hiyo ilimjia ghafla, na kwa sekunde chache aliitamani sana kuliko alivyokuwa ametamani kitu chochote tangu Chepyegon afe. Angeweza kusema, "Sijasikia, rudia." Angerudia. Na yeye asingeona tena.

Midomo ikatulia. Ilikuwa zamu yake.

"Nimesikia, mwanangu," alisema. "Nimesikia yote. Kaeni huko. Mmetafuta maisha na mmeyapata, kaeni. Mimi niko sawa. Chumba kitakuwepo, hakina haraka."

Uso ulikuwa umekwama, mdomo wazi nusu. Hakujua kama amesema jambo sahihi au ameharibu. Alihesabu moja, mbili, tatu, nne. Kisha picha ikaruka na Janefer alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili, na mabega yake yalikuwa yanashuka, na mkono wa mwanamume ambaye Onsongo hajawahi kumgusa ukaja kutoka pembeni ukatua juu ya bega moja na kubaki hapo.

Basi. Alikuwa amepatia.

Hawakuagana. Walikaa tu, mmoja huku na mvua yake, mwingine kule na asubuhi yake, na Janefer alikuwa akisema maneno mafupi mafupi, akifuta macho kwa kidole cha kati. Onsongo alitupa jicho kwenye mita. Kumi na moja nukta saba, na dakika ishirini hivi zilikuwa zimebaki. Akaziandika. Alipoinua kichwa, Janefer alikuwa ameisogelea kamera mpaka uso ukakijaza kioo, nyusi zimepanda, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayeuliza kitu na kungoja. Midomo ikasogea, ikakwama, ikasogea tena, neno lile lile.

Onsongo hakulishika.

"Ndiyo," akajibu.